Komeo

Mvua ya Tukuyu haiulizi mwezi.
Inaanzia kwenye migomba, inahamia mabatini,
na mimi, kabla tone la tatu halijagonga,
nimeshabana mapaja.
Miaka minne nimeichukia sauti hiyo,
mimi niliyezaliwa chini ya bati linalovuja.

Mngejuaje?
Kanisani nilikaa benchi la mwisho, ubavuni mwa mlango,
mkadhani ni unyenyekevu.
Msibani kwa mzee Mwaisumbe niliondoka kabla ya udongo,
mkasema Subilaga siku hizi ana maringo.
Sketi nyeusi Jumapili, sketi nyeusi sokoni,
wifi akaniuliza mbele za watu:
nani kafa?

Na maji nilikuwa sinywi.
Kutwa kwenye chai, kikapu mgongoni, midomo imekauka,
na bado kile kidogo kilichomo
kilinijia juu kama mdai.
Tena kina ujanja: njia nzima kinanyamaza,
kilima chote kinanyamaza,
mpaka niguse komeo la mlango wangu.
Hapo ndipo.
Ufunguo mkononi, mguu mmoja juu ya mwingine,
na kitu cha moto kinashuka mpaka kwenye kandambili.

Nesi Tusekile alipima mkojo, akapima sukari.
Hakusema ni uzee. Hakusema ndiyo uzazi huo, vumilia.
Aliuliza, chai vikombe vingapi?
Nikacheka. Nachuma chai, dada, ulitaka ninywe nini?
Akanipa daftari la shule, la mistari mipana.

Saa kumi na moja alfajiri: chai, viwili.
Saa kumi na moja na nusu: choo.
Saa kumi na mbili kasoro: choo.
Saa moja, mstari wa tatu wa chai: tone.
Niliandika "tone" nikaona haya,
kana kwamba karatasi ina macho.

Jumatano tuko sita, kwenye chumba cha kupimia watoto uzito.
Mwalimu Sekela, aliyefundisha miaka yote akiwa amesimama mlangoni.
Tumpe wa viazi, ambaye akipiga chafya anaomba radhi kwa Mungu.
Nesi anasema: kazeni huko chini,
kama mtu anayezuia upepo mbele ya mkwe.
Tukacheka mpaka Tumpe akalazimika kutoka nje.
Hesabu tano. Legeza. Pumua, usijifanye jiwe.
Kulegeza nako ni kazi.
Hakuna anayeona. Nakaza kwenye foleni ya mzani,
nakaza wakati wa matangazo ya mzee wa kanisa,
ambayo, ashukuriwe, ni marefu.

Chai sasa ni kikombe kimoja, cha asubuhi.
Maji nanywa, kidogo kidogo, mpaka magharibi;
kumbe kiu yangu ndiyo iliyokuwa ikikichoma kibofu.
Na haja ikinivamia, sikimbii.
Ukikimbia, alisema, umekiri deni.
Nasimama palepale, nakaza,
nachuma kwa akili:
majani mawili na chipukizi,
majani mawili na chipukizi,
hadi wimbi lipite, kisha natembea
kama mtu anayekwenda chooni kwa hiari yake.

Juzi, mbele ya komeo, mvua ikipiga,
nilisubiri dakika saba. Nikaandika: saba.
Jana tatu, na kidogo kikatoka.
Nikaandika hicho nacho.

Jumapili iliyopita wifi alipita viti vyake vyote vya mbele,
akaja benchi la mwisho, upande wa mlango.
Sketi yake nyeusi.
Sikumwuliza nani kafa.
Nilisogea.