Droo ya Kumi na Moja

Mvua ya Novemba imeanza kugonga mabati.
Natandika plastiki juu ya makabati kwanza,
salamu baadaye.

Numbi ameingia, viatu vimejaa udongo mwekundu wa Ruashi.
Anatafuta shamba la marehemu mama yake.
Droo ya kumi na moja inakwama, kama kawaida yake,
kisha inatoa harufu ya mende na wino mkavu.

Moja kwa elfu hamsini.
Kijito ni uzi wa buluu;
barabara ya mgodi haijazaliwa.
Naweka rula: milimita mbili, dada,
hapa, chini ya herufi B.

Anaweka kidole.
Kidole kinafunika shamba, kijito, nusu ya kijiji.

Ukutani, kwa mwandiko wangu: USIGUSE.

Naenda kutafuta ndoo.