Mpira wa Chini

Lilipanda toka Kondele likikohoa,
likafika Kiboswa likitoa mvuke
kama chungu kilichosahauliwa jikoni.
Obonyo akashuka, akatazama nyuma yangu
akimtafuta fundi.
Fundi ni mimi.
Alikuwa tayari na kitambaa mkononi
afungue mfuniko wa rejeta.
"Wacha! Maji hayo yana hasira.
Ukiyafungulia sasa yatakumenya uso."

Tukangoja, naye akaanza mashtaka.
Rejeta amebadilisha mara mbili,
ya kwanza Kibuye, ya pili Eldoret kwa bei ya ndama.
Themostati waliing'oa Ahero wakaitupa mtaroni,
wakamwambia gari kuukuu haliihitaji.
Na taniboi wake, Lugadiru,
amemfuta kazi Jumanne.
"Kijana hakuwa akijaza maji.
Ningefikiria nini kingine?"

Sikumjibu. Injini huulizwa kwa mkono.
Nilichomoa kijiti cha oili: nyeusi,
nyeusi ya haki, si rangi ya chai ya maziwa.
Basi gasketi ingali na ahadi yake.
Nikabonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba,
ukacheza kidogo, jinsi unavyopaswa.
Chini ya pampu, pakavu.
Kwenye mapezi ya rejeta, panzi wawili na unyoya;
nikawatoa, ila panzi wawili hawachemshi lori.

Lilipopoa tukajaza maji, debe moja na nusu.
Akapiga stati. Nikachungulia: hakuna mapovu.
Nikafunga mfuniko. Mshale ukapanda robo,
ukakaa hapo kama mgeni mwenye adabu.
"Unaona?" akasema. "Likisimama ni zima.
Mlimani ndipo linaponisaliti."

Nikalala chini, mgongo kwenye vumbi jekundu.
Kanyaga, nikamwambia. Usinihurumie. Kanyaga
kama una magunia tisini ya mchele
na kilima chote cha Maragoli mbele yako.

Injini ikapiga ukelele,
na hapo nikauona
mpira wa chini, mnene kama mkono wangu,
ukinywea,
ukinywea taratibu, tumbo likishikana na mgongo,
hata pampu ikawa inanyonya mdomo uliofumbwa.
"Achia!"
Akaachia. Mpira ukajaa tena,
ukatulia pale, mweusi, bila hatia.

Niliukata. Springi ya ndani, ile mifupa yake,
ilikuwa imeliwa na kutu;
ikanimwagikia kiganjani vipande vipande
kama majani ya chai.
"Shilingi ngapi?"
"Mia nane. Na klipu mbili."

Alikaa juu ya gurudumu la akiba
akihesabu kwa vidole: rejeta mbili,
siku tano za barabarani, mchele ulionyeshewa Luanda.
Kisha akaacha kuhesabu.
Akatoa simu, akaipangusa kwa shati,
akalitafuta jina kwa muda mrefu
kuliko jina linavyohitaji.
Ikalia. Ikalia.
Mimi nikakaza klipu iliyokwisha kukazwa.

"Lugadiru," akasema,
kisha sauti ikanywea,
wala mimi sikuwa na spana ya hapo,
mpaka kijana, kule alikokuwa, akauliza:
"Maji yamekwisha tena?"