Herufi Moja

Miaka kumi na sita nimeacha mlango wazi
kama fundi wa Barabara ya Kumi na Mbili:
ingia, tazama, zungusha pedeli, nenda zako.
Tovuti ya baiskeli kuukuu, basi.
Namba za fremu, kengele za shaba,
taa za dainamo, ukikanyaga zinawaka, ukipumzika giza,
na Swala ya kijani ya marehemu baba
iliyobeba machungwa ya Muheza
mpaka ikapinda kiuno.

Mwaka huu kivinjari kikaandika
pembeni ya anwani yangu: *Si salama.*
Mimi! Semhando, karani wa duka la dawa Chumbageni,
sijawahi kumpunja mtu hata kidonge.
Nikajiona nimebandikwa karatasi mgongoni
na Ngamiani nzima imeshaisoma.

Kidawa, binti wa dada yangu, akacheka.
"Mjomba, hawakusemi wewe, wanaisema njia.
Mtu akikuandikia, maneno yanakuja uchi.
Kila mkono yanamopita unaweza kuyasoma."
Na yasomwe, nikamwambia.
Nani ataiba habari za kengele?
Spoki zina siri gani?

Hakubishana. Akavuta kiti,
akafungua barua nilizotunza humo, akasoma taratibu:

*Nauza Phoenix. Mguu wa kushoto umebaki Bombo.
Mke wangu hajui kuwa naiuza. Tafadhali, kati yetu.*

*Nikifa, Raleigh apewe Mbelwa, si wale wakubwa.*

*Nipe bei ya haki, ndugu. Mkongeni wametupunguza.*

Akanyamaza.
Nje mtu alikuwa anajaza upepo, pampu inakohoa.
Nami miaka yote nilidhani nakusanya vyuma.

Tukaanza baada ya isha.
Funguo mbili, akasema: mmoja unatundikwa mlangoni, autumie yeyote,
wa pili hautoki nyumbani.
Kinachofungwa na ule, kinafunguliwa na huu tu.
Nimeishi na minyororo na makufuli ya kila namna;
kufuli la hivyo sikuwahi kuliona dukani.

Kuna cheti pia. Kinakufa baada ya siku tisini.
"Kama kibati!" nikaruka.
Kibati cha leseni ya baiskeli, Kidawa hakijui,
yeye kazaliwa vibati vimeshakuwa mapambo.
Baba alikamatwa Makorora na kibati cha mwaka jana,
akarudi kwa miguu, ameshika pampu peke yake.

Wanaokuja kwa anwani ya zamani tumewawekea mtu wa kona,
yule kijana asiyechoka kusema:
fundi amehama, pita huku.
Kurasa elfu mbili na mia tatu. Chai mara tatu.
Picha moja ikagoma:
Swala ya baba, kumbe haikuwa kwangu,
niliivuta kila siku kutoka kwa Kaniki wa Pangani,
aliyekufa, na mashine yake bado inahema mahali fulani,
bila kufuli.
Tukaichukua. Tukaileta ndani.

Kazi yote hii, nikauliza, jina lake nini?
Akanionyesha: herufi moja, mkiani mwa zile nne za mwanzo.
*s*.
Ya siri? Ya salama?
Niliiangalia sana, macho yanawasha.
Nikamkumbuka yule wa Bombo, na mguu wake
uliosafiri miaka yote hiyo bila shuka.
Kwangu ilisomeka samahani.

Asubuhi Mhina akapiga simu kutoka Muheza.
"Wasema umehama? Mbona kila kitu kilekile?"
"Kilekile," nikajibu. "Wewe andika tu."

Ukutani, chini ya deni la maziwa,
nimeandika kwa chaki: 90.
Leo nimefuta kwa kidole,
nikaandika 89.