Kitabu cha Gari

Fundi Kizito ataka kitabu kwanza.
Benzi haiguswi hapa bila karatasi, asema,
akipangusa mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.
Nyuma yake, ukingoni mwa Barabara ya Obote,
gari la baba limekaa juu ya matofali
kama mgonjwa aliyeinuliwa abadilishiwe shuka.

KUS 417. Dizeli. Rangi ya maziwa yaliyoungua.

Kitabu nilikikuta chini ya godoro lake, wiki ya pili ya matanga,
chembamba, pembe zimeliwa na mende.
Sikukifungua. Nani hufungua kitabu ambacho jibu lake analijua?

Sasa nasoma.

Mwenyewe wa kwanza: Hirani na Wanawe,
wachambuzi wa pamba, Kibos. Muhuri wa zambarau.
Pamba ilikuwa pamba bado, na Kisumu ilikuwa na ving'ora vya zamu.
Naiona ikishushwa melini, viti vingali na nailoni,
ikipandishwa huku kwa reli, nyota puani.
Siku hizo aliyeinunua alipoteza kabila lake,
akaingia jingine: Wabenzi.

Wa pili: Daktari Shadrack Amukoye, Hospitali ya Russia.
Aliiuza, wasema, kwa kuwa wagonjwa
walianza kuiogopa bili kabla hajawapima.

Wa tatu.

Hapa ningetaja jina la baba nikiwa nimefumba macho.
Elkana Odindo! Kila harambee, toka Chemelil hadi Maseno,
alipewa kiti cha mbele kwa ajili ya kilichoegeshwa nje.
Alitufundisha: mlango wa Benzi haubamizwi,
hufungwa kama Biblia.
Alitufundisha kungoja: geuza ufunguo nusu,
taa ya njano iwake, hesabu, izime yenyewe, ndipo uwashe.
"Mjerumani hakumuundia gari mwenye pupa."

Lakini wino wasema Dorsila Adero.
Sanduku la Posta 61, Ahero.

Mama.

Mama wa kiti cha nyuma.
Mama aliyekatazwa kutia magunia kwenye buti
kwa maana pumba za mchele huharibu zulia,
akayapeleka sokoni kwa mkokoteni,
akafika nyumbani baada ya Benzi.
Usiku alihesabu noti mezani, zina harufu ya maji ya mfereji,
nasi tukidhani ni za karo.
(Zilikuwa za karo pia. Hatukufukuzwa shule hata siku moja.)

Kila kichujio. Kila pampu.
Kioo cha taa kilichotoka Nairobi kwa bei ya ndama.
Nyota iliyong'olewa Kibuye mara tatu
na kununuliwa Kibuye mara tatu,
pengine nyota ile ile.
Yote gorogoro kwa gorogoro.

Na padri aliposema kaburini, "Marehemu alijaliwa mali,"
mama alikaza tu fundo la leso yake.

Nampigia simu. Mama, kwa nini hukusema?
Nasikia kuku. Nasikia redio ya jirani.
"Baba yako aliipenda sana ile gari."
Kisha: "Na mimi nilipenda pale nyuma.
Ndipo mahali pekee ambapo hakuna aliyeniomba kitu."
Kisha, kwa sauti nyingine, sauti ya mwenye mali:
"Huyo fundi amekutoza ngapi?"

Namtajia.
"Mwambie apunguze. Mwambie mwenye gari amesema."

Kizito acheka, apunguza, anipa ufunguo.
Nageuza nusu. Taa ya njano.
Simu iko kwenye paja langu, na mama,
ambaye hajawahi kushika usukani,
anahesabu kwa Kijaluo: achiel, ariyo, adek,
polepole, kama apimaye mchele
mbele ya mteja asiyemwamini.
Ang'wen. Abich.
Taa haijazima.

"Ngoja," asema.