Kigingi cha Ishirini na Tatu

Kijito chetu hakina jina kwenye ramani ya manispaa.
Sisi wa Gungu chini tunakiita Kwa Sofera,
maana kilianza kwa kumla Sofera:
kwanza mgomba, kisha banda la kuku,
kisha, usiku mmoja wa Novemba, jiko na mafiga yote matatu
na sufuria ya maharage ambayo hayajaiva.

Wahenga walituonya: usipoziba ufa utajenga ukuta.
Tukaujenga. Mita arobaini, saruji tupu.
Diwani akakata utepe, watoto wakapewa soda.
Mvua ya tatu, maji yakaupitia nyuma
kama mdeni apitaye uani,
na ukuta ukalala kifudifudi mtoni, mzima mzima,
tarehe ya uzinduzi ikiugulia chini ya tope.

Hili sikulisema mkutanoni, nalisema hapa:
mchanga wa ule ukuta niliuchota mimi.
Ndoo kwa ndoo, miguuni pa kijito hichohicho,
alfajiri, kabla mtendaji hajaamka.
Nikamuuzia Bukuru mwenye kirikuu,
nikamlipia Ntakije ada ya kidato cha pili.
Tuliusimamisha ukuta
juu ya shimo ulimotoka mchanga wake.

Mwaka huu amekuja binti, Domitila Gwimo,
buti za mpira, kamba yenye mafundo.
Hakutaja saruji. Alisema: lazeni ukingo.
Ukingo uliosimama wima unayatukana maji;
uinamisheni kama shingo ya ng'ombe anywaye,
yapate pa kutanuka yanapofura.

Kulaza ni kukata. Kukata ni viwanja vya watu.
Bahenda alitoa hatua mbili za ua wake, huku akilia.
Jirani yake hakutoa hata unyayo,
ndiyo maana kazi yetu ina kona pale,
kama sentensi iliyokatizwa na kikohozi.

Chini tukapanga mawe ndani ya vizimba vya waya,
juu yake makuti ya michikichi yashike udongo,
vetiva shubiri kwa shubiri,
na vigingi vibichi vya mkuyu, vimechongwa ncha,
vikagongwa kwa nyundo ya mti, taratibu,
gome lisipasuke.
Mimi nilipewa thelathini.

Mvua ikaja Ijumaa. Nililala na viatu.
Asubuhi vetiva zote zimelalia upande mmoja,
nywele za mtu aliyetoka kuoga,
na udongo upo.
Si wote. Wa kwenye kona ya jirani umekwenda ziwani
kuipaka Tanganyika rangi ya chai ya maziwa.

Leo vigingi vimetoa macho,
majani madogo kama masikio ya panya.
Cha ishirini na tatu, kimya.
Domitila akainama, akakitazama, akacheka:
umekipanda kichwa chini, mama. King'oe.

Sijaking'oa.
Kila jioni nakimwagia kopo moja
na kukaa nacho kidogo,
huenda kikajua chenyewe juu ni wapi.