Ekari Mbili Nyuma ya Witu

Miaka ishirini na sita niligonga muhuri
kwenye ardhi za watu.
Ploti ya fulani, konde la fulani,
mpaka mashariki mkwaju, magharibi mfereji,
na jioni nikarudi Langoni, chumba cha ghorofani,
ambako dirisha langu hutazamana na la jirani
na akikohoa yeye, mimi husema pole.

Nilipostaafu nikanunua ekari mbili
nyuma ya Witu, pale barabara inapochoka
na msitu unaanza bila hodi.

Mama mkwe akanitazama kwa jicho moja:
"Yeo umepatwa na nini, Famau?
Nyumba ya kwenda kupumzika?
Kwani hapa umetwikwa nini?"
Mwanatumu hakusema kitu. Akafunga chai na sukari
kwenye pindo la leso,
kisha akauliza kama huko kuna choo.

Kulikuwa na shimo.
Kulikuwa na vyumba viwili vya udongo,
makuti bado yananuka ubichi,
na kufuli jipya mlangoni, la shaba,
bei yake kuku wawili.

Usiku wa kwanza hatukulala kwa makelele:
vyura, mbu, na komba juu ya mti
akilia kama mtoto aliyeachishwa ziwa.
Alfajiri wakapita hondohondo,
mabawa yao yakihema kama mivukuto ya mhunzi,
nasi tukatoka nje kuwatazama
miguu mitupu, kwenye umande.

Basi nikajifunza kazi ya kukaa.
Ni ngumu mwanzoni, mikono hutafuta faili.
Siku ya tatu nikahesabu mikorosho.
Siku ya tano nikaacha kuhesabu.
Mwanatumu, ambaye mjini hapiti kichochoro bila buibui,
akajifunga leso kifuani, akang'oa mihogo
matope hadi viwikoni,
akiongea peke yake, akijijibu, akijicheka.

Jioni moja nikampikia chai, mimi.
Akasema, "Usitie iliki."
"Vipi?"
"Sijapata kuipenda."
Miaka thelathini na moja ya ndoa!
Nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa
na birika mkononi, kama mtu aliyepotea ndani ya kwake.

Komora, Mpokomo wa konde la pili,
alileta asali kwenye chupa ya siki
akaniuliza ardhi yangu yaishia wapi.
Nikafungua sanduku, nikatoa nakala ya hati,
nikamwonyesha mistari, namba, vigingi.
Akaitazama kwa adabu. Akairudisha.
"Nzuri," akasema. "Lakini nyani hawajasoma."

Tukarudi mjini, mwezi wa Ramadhani na wa pili wake.
Mvua ikanyesha bila sisi.
Tuliporejea, kufuli lilikuwa limeota kutu,
ufunguo umekatikia ndani,
na haikuwa na haja:
paa lilikuwa limetobolewa, tundu la kupita mtu.
Unga umemwagwa hadi chini ya kitanda,
kitandani shimo la mwili usio wetu, nywele za kijivu,
ganda la papai limewekwa juu ya mto
kama vile mtu ameacha salamu.

"Wageni wamekula?" Mwanatumu akauliza,
akaanza kufagia.

Nikaliendea sanduku.
Mchwa walikuwa wameingia kwa upande wa kaskazini,
wakala mkwaju, wakala mfereji,
wakala jina la baba yangu na la babu yangu,
wakafika kwenye muhuri, wakageuka.
Labda wino ni mchungu.
Kidole changu kikapita juu ya duara lile la buluu,
nililoligonga mwenyewe, siku ya Alhamisi, kabla ya chakula.

Hati yenyewe iko benki, salama, gizani.

Paa tumeliziba. Kufuli nimemwachia mtoto wa Komora,
analitumia kuzamishia ndoano.
Mlango naufunga kwa kamba ya ukindu, fundo moja.
Nyani wanajua kulifungua.
Hawavunji tena.