Kopo la Faini

Baba alipanga herufi za risasi
kwenye kiwanda cha uchapaji, mtaa wa Boedo, Buenos Aires,
miaka thelathini na mmoja akiyasoma maneno kinyumenyume,
kulia kwenda kushoto,
kama mtu anayeutazama mji kwenye kioo.
Ungedhani basi angetusamehe
sisi tuliorudi kutoka uani tukisema feca badala ya café,
lleca badala ya calle,
silabi zimepinduka kama soksi iliyovuliwa kwa haraka.

Hakutusamehe.
Juu ya jokofu aliweka kopo la biskuti
lenye picha ya farasi mweupe aliyechubuka jicho.
Neno moja la mtaani, sarafu moja.
"Maneno ya gerezani," alisema akikata nyama,
"hayaketi mezani pangu bila kunawa."

Dada yangu Griselda alilipa kuliko wote.
Alisema Kihispania cha shuleni kinambana vidole,
na siri huwezi kumnong'oneza mwenzio
kwa lugha ya risiti ya benki.
Shangazi Ofelia, mwalimu, alisema leo ni mzaha,
kesho mtoto ataandika hivyohivyo barua ya kuomba kazi.
Mjomba Rubén aliuza matairi:
"Mteja nikimwita bwana, anaogopa bei.
Nikimwita jovie, ananunua manne."

Mimi nilikuwa mwoga. Niliwaitikia wote.
Ila usiku mmoja baba alirudi kachoka,
akajitupa kitini, akasema
laburo la leo limenivunja mgongo,
nami, mwenye miaka kumi na mitatu,
nikanyoosha kidole kuelekea jokofu.
Laburo, baba. Sarafu.

Mjomba aliacha kutafuna.
Baba akaitazama mikono yake, wino usiotoka kwenye kucha.
"Hilo si la mtaani," akasema polepole.
"Hilo ni la mama yangu.
Alishuka nalo melini kutoka Genova,
na hakuwa na mzigo mwingine."

Hakulipa. Nami sikudai.
Lakini tangu siku ile, neno likibisha hodi na matope miguuni
huwa nauliza kwanza: wewe, mama yako nani?

Mwaka jana kiharusi kilimpangua herufi.
Majina yetu yalimtoka moja moja.
Griselda akawa "wewe", mimi nikawa "yule mwingine".
Jumanne asubuhi muuguzi akamwinamia, akamuuliza anataka nini,
na baba, mtoza faini,
akafungua nusu ya mdomo iliyokuwa bado ikimtii:
feca.

Tulicheka mpaka tukatolewa wodini.
Griselda alicheka kwa machozi, kisha yakabaki machozi.

Jioni nilipanda kiti, nikalishusha kopo.
Ndani, sarafu za pesa tatu tofauti, zote zimekwisha kufa;
uzikusanye, hazikununulii kijiko cha sukari.
Nikatumbukiza ya baba juu yake.
Ililia vibaya, kama jino kwenye sahani.

Sasa mwanangu Lautaro anaongea na simu yake
maneno ambayo nusu yake siyaelewi,
na mkono wangu, bila kuniuliza,
unainuka kuelekea juu ya jokofu.
Naurudisha.
Si kila mara.